Aliyezunguka Dunia Akiyadharau Majengo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kiongozi wetu mkuu wa misafara anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mhariri wa jarida letu la ofisi amenipa mimi, karani wa tiketi, kazi ya kumuaga kwa maandishi, akanisihi niandike kwa upole. Nimejaribu. Nimechana karatasi mbili. Hii ya tatu mtanisamehe.

Walio wageni humu wajue kwanza kwamba kazi yetu ni kuwapeleka watu kuona majengo ya ajabu duniani: mapiramidi, makasri, mahekalu, minara. Wapo wanaojinyima miaka na miaka ili waone jengo moja tu kabla hawajafa. Sisi tukawakabidhi kwa mtu ambaye hakuwahi kuona jengo likampendeza. Ofisini tunamwita Nishafika, kwa sababu ukimtajia mahali popote hilo ndilo jibu lake, na mdomo anaubenua.

Mbele ya mapiramidi aliwaambia wateja kwamba mawe ni mawe. Kwenye ule mnara mashuhuri ulioinama, watu wakiwa wameduwaa, yeye aliuliza kwa sauti kama fundi alilipwa. Lile kanisa kubwa ambalo ujenzi wake umepita miaka mia alisema linamkumbusha nyumba ya shemeji yake, ila shemeji walau ana haya. Hilo la shemeji lilinichekesha, sikatai. Lakini mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akiliota kanisa hilo tangu ujanani, aliporudi alikuja dirishani kwangu akasema, "Mwanangu, safari ilikuwa nzuri, ila mngetupa kiongozi bubu."

Tusimnyime haki yake. Hakuna mteja aliyewahi kumpotea. Aliyepotea ni yeye. Kwenye kasri moja lenye vyumba kibao alikataa ramani, akasema nyumba ni nyumba. Kundi zima likageuka kumtafuta, mpaka mlinzi akamkuta kwenye stoo ya mafagio, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa kofia. Mpaka leo anasema alikuwa anakagua. Anakagua nini, ndoo? Tena kuna bibi mmoja mwenye magoti mabovu ambaye Nishafika alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu safari nzima bila kunung'unika, na kwa hilo nampa heko.

Sasa nije kwa mke wake, wifi yetu, mshonaji. Sare za ofisi hii anazishona yeye. Nyuma ya nyumba yao ana chumba cha kushonea, na ukutani, juu ya cherehani, amebandika picha aliyoikata kwenye kalenda yetu ya zamani: lile kaburi jeupe la marumaru ambalo mfalme alimjengea mkewe. Picha imepauka kwa jua. Miaka yote hiyo wifi alitaka kitu kimoja tu, kwenda kusimama mbele ya jengo lile. Na kila alipoomba, mumewe alimjibu, "Ni kaburi tu, mama. Makaburi hata hapa yapo."

Mtasema labda nafasi haikupatikana. Thubutu! Katika kazi yetu, kundi likiwa kubwa, kiongozi hupewa kiti cha bure kwenye ndege, na likiwa kubwa zaidi hupewa na cha pili. Hicho cha pili alikipata mara nne, tiketi nikizikata mimi mwenyewe. Mara ya kwanza alimpa rafiki yake mpiga picha, ili apigwe picha. Mara ya pili na ya tatu aliwapa jamaa za wakubwa. Mara ya nne hakumpa mtu, alilaza hapo koti lake, koti ambalo wifi alikuwa amelipiga pasi asubuhi ileile. Nilikasirika siku hiyo, na hasira yenyewe bado ninayo.

Mwezi uliopita, wakati wa chai, mkurugenzi alitangaza zawadi ya mstaafu: safari ya watu wawili, popote apendapo. Mtu mwingine angesema asante. Huyu aliegemea kiti, akatamka mbele ya wafanyakazi wote, "Mimi kote nishafika. Wapeni wenye hamu ya kutazama mawe." Mkurugenzi akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo, akachukua biskuti nyingine.

Haya. Tukalishika neno lake. Jioni hiyohiyo, kwa ruhusa ya mkurugenzi, nilikwenda kwa wifi, nikamkuta anapinda suruali ya mteja. Nilipomweleza, aliacha kushona, akalia, akacheka, akanipiga kofi la bega. Nikamuuliza wa pili awe nani, maana mume si mtu wa kumruka. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwisho akasema, "Andika dada yangu. Nataka mtu wa kushangaa naye."

Basi, bwana mstaafu, kama umefika mstari huu na bado umekaa kitini, habari ndiyo hiyo. Wanaondoka Jumatatu. Wifi alitaka akwambie mwenyewe, mimi nikamwomba aniachie raha hiyo. Wateja wake wakija, nguo zao zimetundikwa nyuma ya mlango, na usimpe mtu ya mwenzake. Jikoni, kama hujui, ni mlango wa pili kushoto.

Asante kwa kazi ya miaka yote hii. Tunakutakia uzee wenye afya na usingizi mnono. Na asubuhi moja wiki ijayo, wewe ukiwa unahangaika na birika, mkeo atakuwa mbele ya jengo alilolisubiri maisha yake yote ya ndoa, kamshika dada yake mkono, na wala hatakuwa na haraka ya kurudi.