Historia ya Mama Edah Nakhungu, Aliyepungia Treni Nasikoye

Mchungaji, Chifu, wazee wa ukoo, jirani zetu nyote, mulembe. Mimi ni Wekoye, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenichagua nisome kwa sababu nina digrii na sina kazi, kwa hivyo nafasi ninayo. Mchungaji ameniomba niruke sehemu ya treni, ati tusivuruge amani, lakini historia ya mama yangu ukiiondolea treni inabaki tarehe mbili tu, ya kuzaliwa na ya kufa, na hata hiyo ya kufa kuna mkono wa treni ndani yake. Nitasoma yote.

Marehemu alizaliwa Bokoli mwaka wa 1911, wakati wa kuvuna wimbi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Wabwile. Aliingia darasa la misheni mwaka wa 1923, akajua kusoma na kushona, akabatizwa jina la Edah tarehe 6 Aprili 1925, na mwaka uo huo akatolewa shuleni kwa sababu ndugu zake walihitaji nafasi.

Stesheni ya Nasikoye, hili jengo mnaloliona hapo nyuma limeng'olewa milango, ilifunguliwa tarehe 14 Mei 1928 katika shamba la mzee Khaemba, ambaye hakuulizwa na mtu, aliamka tu akakuta vigingi. Reli ikapasua shamba katikati, boma likabaki upande huu, makaburi yakabaki ng'ambo. Na msidhani ilijengwa kwa ajili yetu. Injini zilikula kuni, kilima chetu kilikuwa na miti, basi treni ikasimama hapa kula, na vijana wetu wakawa wa kuilisha. Mmoja wao alikuwa Wanjala, mtoto wa mzee Khaemba, ambaye alimuoa marehemu tarehe 20 Desemba 1930, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka wa 1932 na Nekesa mwaka wa 1935.

Kuhusu kazi, marehemu alifanya kazi katika stesheni hii kuliko stesheni masta yeyote, ingawa hakuna aliyemwandika. Aliuza viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha na ndizi mbivu kwenye madirisha ya third class, kwenye jua na kwenye mvua, maana kivuli cha stesheni kilikuwa cha abiria peke yao. Yakub, mshika bendera wetu, mzaliwa wa Bungoma mjini pale karibu na msikiti, alitumwa mara nyingi kumfukuza, na marehemu alikuwa akimwambia, shemeji, hiyo kofia ya reli nikiipata nitalazia kuku mayai, Yakub anacheka, ananunua kiazi, kisha anaenda kuripoti kwamba yule mwanamke ameondoka.

Miti ilipopungua baba alihamia kazi ya shamba kule Saboti, akawa anakuja nyumbani kwa treni kutoka Kitale, mpaka vita vikamfuata huko. Alikuja kutuaga, akapanda treni hapa tarehe 3 Septemba 1942, akapunga mkono dirishani mpaka kona ikamficha, marehemu naye akipunga leso. Hakurudi. Tuliambiwa Burma, na hakuna aliyetuonyesha kaburi. Tangu hapo marehemu hakuacha treni ipite bila kuipungia, ati labda yumo, sisi watoto tukamwiga, jirani wakatuiga sisi, na madereva wakazoea, wakifika kona ya Nasikoye wanapiga honi na kupunga pia. Ikawa desturi ya hapa, na kila mmoja wenu ameifanya.

Mwaka wa 1949 injini zikaanza kutumia mafuta. Kilima kilikuwa kipara tayari, na tarehe 31 Machi 1954 stesheni ikafungwa, Yakub akanyang'anywa kofia na bendera, na neno lililoletwa kutoka ofisini lilikuwa moja, uneconomic. Mayi, mama yangu, aliniomba nimtafsirie. Nikamwambia maana yake wamemaliza kula. Akasema, "Si wangesema tu asante."

Mimi nilirudi kutoka Kampala Desemba iliyopita na hiyo digrii aliyoilipia kwa viazi, ofisi ya kwanza ikaniambia nimesoma kidogo, ya pili ikaniambia nimesoma sana, na hata hilo marehemu alilicheka.

Tarehe 11 Mei mwaka huu wa 1957 tumbo lilimshika. Mvua mnaijua, lori la kumpeleka lilizama Misikhu kwenye matope, barabara haikupitika, na dakitari yuko Bungoma. Ilibaki treni. Tukambeba kwa kitanda mpaka hapo kwenye stesheni, tukamlaza, Yakub akaja mbio mikono mitupu, bendera nyekundu hana tena, tukang'oa shuka jeupe la kitandani, na treni ilipotokea tukaipungia, sisi na kijiji chote, tukipiga kelele. Dereva akapiga honi. Akatoa mkono dirishani, akatupungia, akapita.

Marehemu aliniuliza, mimi ambaye tangu utotoni aliniita Papa, "Papa, imesimama?"

Yakub ndiye aliyejibu, "Amekusalimia, shemeji."

Wanaume wa kijiji hiki walimbeba mabegani usiku kucha mpaka Bungoma. Dakitari alimwangalia, akatuangalia sisi, akasema, "Mngemleta jana." Marehemu alifariki tarehe 13 Mei 1957. Simlaumu yule dereva, alifanya tulichomfundisha. Nawalaumu waliokula kilima kizima, halafu mgonjwa mmoja wakaona ni hasara kumsimamia.

Familia inamshukuru dakitari na wasaidizi wake waliojaribu wakati umekwisha, jirani waliobeba, akina mama waliopika, wafanyabiashara wenzake wa soko la Misikhu, na Yakub. Kwa wenyewe wa reli shukrani hatuna, na wao hawakuwahi kutupa yoyote, kwa hivyo hakuna deni.

Chifu, nakuona unaangalia saa. Ni saa saba na nusu, tuna wakati. Kaburi liko ng'ambo, kwa mababu, na njia ya jeneza inavuka reli. Wabebaji wamesema watachoka, watalitua palepale juu ya reli wapumzike kidogo. Yakub hamumuoni hapa kwa sababu yuko mbele kabisa, kule mwisho wa kona, na Nekesa amemshonea kitambaa kwa sketi yake nyekundu, kikubwa, dereva atakiona kutoka mbali.

Treni ya saa nane ikitokea, naomba jambo moja, mtu yeyote asiipungie. Simameni tu.

Lala kwa utulivu, Mayi. Leo itasimama.