Rufaida Ubaid na Habari za Watu wa Feri

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Popote mlipo, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Daktari Rufaida Ubaid, binti wa mtaa wa Barani, Malindi. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Alisomesha jiografia ya usafiri, na alichora ramani kwa kompyuta: watu watoka wapi, waenda wapi, na nani ameachwa na barabara. Ametutoka juma lililopita, na kazi moja hakuimaliza.

Kazi hiyo ilianzia Mnarani, ng'ambo ya maji ya Kilifi. Ndiko alikozaliwa, enzi ambazo kuvuka kuingia Kilifi ni kwa feri tu. Babake, Mzee Ubaid, alikuwa fundi wa mitambo ya feri. Kisha daraja likafunguliwa. Feri ikasimama. Waliouza mihogo na madafu kwenye foleni ya magari wakatawanyika. Mzee Ubaid akahamia Malindi kwa shemejiye, akawa anatengeneza pampu za maji.

Hakulichukia daraja. "Daraja ni kheri," alikuwa akisema. "Lakini sisi tuliokuwa pale, nani atazieleza habari zetu?"

Rufaida aliyashika maneno hayo. Ndiyo yaliyompeleka chuoni, hata akapata shahada ya uzamivu. Akaandika juu ya mabasi ya miji mikubwa. Akaalikwa huku na huko. Na kila akija kwa Idi, babake humwuliza: "Mwanangu, ya feri utaiandika lini?"

"Mwakani, baba, inshallah. Niimalize kwanza hii niliyo nayo."

Mamake, Bi Shekha, anakumbuka. "Mzee alikuwa hanuni. Alimwambia, haya, nenda na amani. Lakini akishaondoka mwanawe, hata chakula hakimpandi."

Mwaka aliokuja kweli, kinasa sauti mkononi, Mzee Ubaid alikuwa amepooza. Hawezi kusema. Rufaida akampakatisha kompyuta, akamfungulia picha ya Kilifi iliyopigwa kutoka angani. Mzee akaikodolea macho. Akapagusa pale feri ilipokuwa ikigota ukingoni. Akafungua kinywa, pasitoke neno. Machozi yakamchuruzika.

"Taratibu, baba. Niambie taratibu," Rufaida akambembeleza. Kisha akakizima kinasa sauti, akamfuta uso kwa mtandio wake.

Mzee alipofariki, Rufaida aliomba likizo chuoni, akaanza kuwatafuta waliobaki. Mama Kadii, aliyeuza mihogo pale kwenye feri, sasa yuko Kakuyuni. "Alinisikiliza mpaka chai ikapoa," asema Mama Kadii. "Mwisho akaniuliza, 'Babangu alikuwa akichekaje kazini?' Nilipomwigizia, akacheka naye, kisha akalia."

Hakufika mbali. Maradhi yakamwahi. Mdogo wake, Muzammil, ndiye aliyemuuguza. Anasema Rufaida hakuyalalamikia maumivu. Alimwambia neno moja tu: "Nimewasikiliza watu wa kila mji, Muzammil. Wangu nikawaweka mwisho."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Daktari Rufaida Ubaid. Kwa Bi Shekha, aliyemzika mume kisha akamzika binti, kwa Muzammil na jamaa wote, twawapa mkono wa tanzia. Mola awape subira, na marehemu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako yuko mtu ambaye kila akianza kukuhadithia, wewe una haraka. Leo keti. Mwache aseme mpaka amalize.