Bibi, Dada Yake na Meza ya Dirishani

Bibi alisemeshana na dada yake! Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyotokea nyumbani kwetu mwaka huu, na mimi, mjukuu wake wa tatu, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nilikuwepo mezani. Lakini mjomba amesema wasifu huanza na kuzaliwa, basi tuanze huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, juu ya duka la viatu. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kuchapa, mama yake dobi. Walizaliwa wawili tu, wote wasichana. Mkubwa wake, ambaye sisi wajukuu tunamwita Bibi Mkubwa, alimtangulia kwa miaka mitatu, na kwa maelezo ya Bibi hakuacha kumkumbusha hata siku moja.

Shule alianza mwaka 1958. Hesabu alizipenda, kuamka hakukupenda. Mama yao alitoka alfajiri kupeleka nguo za watu, kwa hiyo Bibi Mkubwa ndiye aliyempikia uji, akamfunga kamba za viatu huku mwenzake anakunywa, kisha akamburuta mpaka getini. Bibi alikuwa akisema elimu yake yote ina ladha ya uji uliopoa. Alimaliza darasa la nane mwaka 1965, halafu akasomea ushonaji kwa miaka miwili.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa kwenye karakana ya samani kushona vitambaa vya makochi, na hapo hapo akadumu miaka arobaini na mitatu. Kazi ilimwingia mwilini. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa mkono ulikuwa umeshafika chini ya mto unatafuta mshono. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkahawa wa meza kumi na nne. Bibi Mkubwa alikuwa anapanga barua posta, mtaa wa pili, basi kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanakutana hapo, meza ya dirishani, maana jua linaanzia pale. Mayai mawili, mkate wa kuchoma, chai ya maziwa. Bibi alichovya mkate mpaka nusu inadondokea kikombeni, kisha anaifuata na kijiko kama mtu anayetafuta pete. Hata viti vya mkahawa ule alivishona yeye, mara mbili. Walipostaafu wakawa wanaenda Jumamosi tu, lakini meza ni ile ile.

Babu naye alipatikana hapo hapo. Alikuwa fundi wa mabasi, amekaa meza ya jirani, akaomba chumvi mara nne kwa yai moja. Bibi akamwambia, "Kaka, hilo yai litakuua. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu. Jumapili chai ya asubuhi ilikuwa ya nyumbani na mpishi alikuwa Babu: mayai, mkate uliochomwa kwenye kikaango, matunda yaliyokatwa vipande visivyolingana, kila mtu na nguo zake za kulalia, redio iko chini. Sheria ilikuwa moja, kwamba mambo mazito hayazungumzwi mpaka kikombe cha pili. Babu alifariki mwaka 2009. Bibi hakuibadilisha sheria hiyo.

Mwezi wa Januari 2014 aligundulika ana kisukari. Nyumbani alikunywa chai bila sukari na uso wa picha ya pasipoti. Kumbe Jumamosi, pale dirishani, anaweka vijiko vitatu vya sukari, na jemu kwenye mkate. Bibi Mkubwa alivumilia mwaka mzima. Tarehe 11 Aprili 2015 uvumilivu ukamwisha, akampigia simu mama yangu, na mama akafika mkahawani akamkuta Bibi na jemu mdomoni.

"Umenichongea kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe," Bibi alimwambia dada yake. Baada ya hapo, kimya. Miaka tisa.

Ila hakuna aliyekubali kuiacha meza. Kila Jumamosi walikaa pale pale, hatua moja kati yao, na maneno yakapitia kwa mhudumu, kaka mmoja mrefu anayeitwa Ngazi.

"Ngazi, mwambie dada yangu shikamoo." Bibi alisema ugomvi ni ugomvi, adabu ni adabu.

Ngazi anageuza shingo. "Mdogo wako anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Na mwambie amweleze daktari ukweli."

"Hilo la daktari silifikishi, mama. Mimi ni wa chai."

Na sukari Bibi aliiacha kabisa, tangu wiki ile ile, ili dada yake asipate la kusema. Chumvi ilikuwa hapo hapo mezani, upande wa dada yake, lakini akitaka ipitishwe anamwita Ngazi kutoka jikoni.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka jana. Kuanzia Aprili mwaka huu alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na ngazi za mkahawa akawa haziwezi tena. Mwezi wa Mei daktari alimwambia kwamba kama asingeacha sukari mapema vile, figo zile zingekuwa zimekwisha zamani. Alirudi nyumbani. Jioni aliomba simu yangu, akaitafuta namba ya dada yake, akaikodolea macho, akanirudishia. Alifanya hivyo siku nne. Sote tulijua siku zenyewe si nyingi.

Jumamosi tarehe 8 Juni mlango ukagongwa. Alikuwa Bibi Mkubwa, na nyuma yake Ngazi, ameinama asigonge kichwa.

"Nimekuja naye," Bibi Mkubwa alimwambia mama. "Bila yeye nitaongea na mdogo wangu kupitia nani?"

Tukaandaa meza, tukamleta Bibi na mito yake. Akakohoa kidogo. "Ngazi, mwambie dada yangu shikamoo."

Ngazi akavuta kiti akakaa. "Mama, leo niko mapumziko. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimebeba trei miaka tisa. Leo ni mgeni, naomba chai."

Akamiminiwa. Akachukua mkate, akautazama. Siagi ilikuwa upande wa Bibi Mkubwa na mkono wa Bibi haukufika, na Bibi katika maisha yake hakuwahi kumwacha mgeni ale mkate mkavu.

"Dada," akasema, "mpe mgeni siagi."

Bibi Mkubwa akaisogeza. "Na wewe?"

"Na mimi kidogo. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

Mama akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Kikombe cha pili kilipomiminwa Bibi akasema, "Daktari anasema nimefika leo kwa sababu ya kuacha sukari. Niliacha ili wewe usipate la kusema. Kwa hiyo hii miaka ni yako."

Bibi Mkubwa akaweka kijiko chini. "Ningekuambia wewe kwanza kabla ya watoto. Nilikosea."

"Ulikosea sana. Lete mkate."

Walipata Jumamosi kumi na mbili. Walikuwa na habari za miaka tisa za kumalizia, nani aliolewa, nani alinyoa ndevu akaonekana hana kidevu, na wakabishana kama Babu aliomba chumvi mara nne au tano. Jumamosi ya tarehe 24 Agosti Bibi alikunywa nusu kikombe, akasinzia begani kwa dada yake katikati ya hadithi. Bibi Mkubwa hakumwamsha. Alitumalizia sisi, kwa sauti ya chini.

Bibi alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 29 Agosti 2024, saa kumi na moja alfajiri, mama yangu akiwa amemshika mkono. Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na Ngazi, ambaye Bibi Mkubwa amesema aandikwe pamoja na familia.

Mungu ampumzishe Bibi yetu taratibu, asiharakishwe na mtu.

Karatasi hizi tumechapisha chache. Ukimaliza kusoma, mpe aliyekaa karibu nawe, hata kama hamsemeshani.