'Mapuleng Phafoli na Tete la Miaka Miwili

Marehemu 'Mapuleng Phafoli alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 kijijini Ha Letsika, wilaya ya Mokhotlong, milimani Lesotho, mtoto wa nne wa Bwana Sekete, au Ntate Sekete kama tusemavyo, akapewa jina Nthatisi. Theluji ilikuwa imefunga njia, na mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshafunikwa blanketi na ananyonya. Hakuwa mtu wa kusubiri watu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, mwaka 1971. Alifukuzwa mara moja, siku tatu, kwa kumwambia mwalimu kwamba sigara yake inanuka. Alirudi na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na baba yake, akaisoma mbele ya darasa huku ameziba pua.

Tarehe 3 Aprili 1976 aliolewa na Ntate Molefi Phafoli, fundi wa matandiko ya farasi, na wakwe wakampa jina 'Mapuleng, yaani Mama Puleng, hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Mumewe alikuwa na mikono ya dhahabu na kiko kisichozimika. Alishonea ndani ya nyumba, na wakati wa baridi Mokhotlong mlango haufunguliwi ovyo. Watoto wao, Puleng na Thabang, walikua wakikohoa, na lawama zote zikatupiwa upepo.

Kuanzia 1981 hadi 2013 alichambua sufu katika banda la kukatia manyoya, ambako uvutaji ulipigwa marufuku ili sufu isishike moto wala harufu. Jioni ya siku ya kwanza alirudi nyumbani na hoja.

"Ntate, manyoya yana sheria ya kuyalinda na moshi, na kondoo mwenyewe hayumo ndani. Mimi bado nimo ndani ya ngozi yangu."

Ntate Molefi alicheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Akakiokota, akakiwasha tena.

Mwaka 2009 Puleng alirudi kwao kujifungua, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza. Tankiso alizaliwa tarehe 22 Juni, kabla ya siku zake, na kifua kibovu. Alipofikisha wiki tatu alishindwa kupumua, wakamkimbiza zahanati. Muuguzi aliinusa shali ya mtoto, akauliza nani anavuta nyumbani, na akasema moshi ule utamuua.

Tete la uzazi, lile tete la mtoni linalotundikwa mtoto anapozaliwa ili wanaume wasiingie, lilikuwa juu ya mlango tayari. Huondolewa siku mtoto anapotolewa nje rasmi. Tankiso alitolewa nje, tete likabaki, na Ntate Molefi akaendelea kulala kwenye kibanda anamowekea matandiko ya farasi.

"'Mapuleng, mtoto ana meno sasa. Toa hilo tete, baridi inaniua."

"Ingia, Ntate. Kiko kibaki nje."

"Kiko ndicho mimi!"

"Basi bakini wote wawili."

Mwaka wa pili mchungaji mgeni alipita, akaliona tete, akamkuta Ntate Molefi akivuta nje. "Hongera, Ntate! Kwa umri huu! Mungu ni mkubwa." Ntate Molefi, tunasikitika kusema, hakumsahihisha. Jumapili kanisa zima likamwombea mama wa miaka hamsini na minne apate maziwa ya kutosha, na marehemu akaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Julai 2011, theluji ikiwa magotini, Ntate Molefi alikitumbukiza kiko chooni, akasimama mlangoni ananukia sabuni. Mkewe alimnusa kuanzia kofia hadi viatu, kisha akapanda kigoda akalitoa tete. Ntate hajavuta tena hadi leo.

Lakini moshi wa miaka ya nyuma ulikuwa umeshamkaa kifuani. Mwaka 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi hata kwa kupika papa, ugali wetu. Hospitalini Maseru daktari alimuuliza alivuta kwa miaka mingapi.

"Thelathini na mitatu," alijibu. "Kiko alishika huyu hapa. Mimi nilivuta."

Alifariki nyumbani tarehe 14 Mei 2024, akiwa na miaka sitini na saba, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Wazee wa ukoo walitaka hapa paandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Ntate Molefi alikataa. Alilia, tukasubiri, kisha akasema: "Andikeni ni moshi. Na msiuandike kama vile ulishuka mlimani. Andikeni ni wangu." Tumeandika kama alivyosema, na tunampenda.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano. Wa kwanza wao, Tankiso, ana miaka kumi na minne, na ndiye atakayeanzisha wimbo kaburini, kwa sababu ana pumzi kutushinda sisi sote. Apumzike kwa amani bibi aliyemtunzia pumzi hiyo.