Mrija Kwenye Nyasi za Paa

Ndugu zangu, naomba msipige makofi bado. Mwenyekiti ameniambia nisimame niwaeleze nilivyopona kifua kikuu, na nyuso zenu zinaonyesha mmejiandaa kwa habari tamu. Habari ninayo, lakini inanuka. Na wewe unayekohoa huko nyuma karibu na mlango, usitoke. Nitakufikia.

Mimi ni Mteso kwa kabila, mzaliwa wa huku Bungoma. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilimuuliza mwalimu reli inaishia wapi, akaniambia nikae chini. Niliifuata kwa miguu. Tangu hapo sikukaa mahali. Nimebeba vitunguu Chwele, nimechimba visima Kamukuywa, na miaka ya themanini ilinikuta Kitale nikibeba magunia ya mahindi kwenye maghala.

Wapakizi wengi pale tulikuwa Wateso. Tuliishi nyuma ya maghala, safu tatu za nyumba za udongo, choo kimoja. Mvua ikinyesha choo kilifurika, na yaliyomo yalikuja mpaka mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Taka za soko zilimwagwa hatua chache kutoka tulipochota maji. Halafu watu walewale waliozimwaga walipita wameziba pua: "Ati hawa watu hawajui usafi." Nawaambia, kinyaa cha choo nilikizoea. Kinyaa cha maneno yale bado kiko hapa kooni.

Jioni tulikuwa na chungu. Mnaotujua mnajua: pombe ya busaa katikati, watu wameketi duara, kila mmoja na mrija wake mrefu wa kunyonyea. Mrija ni wa mtu. Una alama yake, na mwenye nyumba huutunza kwenye nyasi za paa. Wangu ulikuwa na pete mbili zilizochomwa kwa moto. Mwenye nyumba tulimwita Mama wa Chungu, mjane mwenye sauti nzito. Nyumba yake haikuwa na dirisha, maana pombe ilikuwa marufuku na askari wana macho. Humo ndani tulikoholeana usoni kila jioni.

Nilikuwa na rafiki. Mimi nilimtwika gunia, naye akanitwika. Tulianza kukohoa karibu wakati mmoja, tukaenda kliniki pamoja. Karani alimtazama rafiki yangu kama kitu alichokanyaga.

"Kipande?"

"Sina."

"Barua ya chifu?"

"Sina."

"Unakaa wapi?"

"Nyuma ya maghala."

"Hapo si mahali. Wewe ni mtu wa Uganda. Rudi kwenu ukatibiwe."

"Uganda sijafika hata siku moja, bana."

"Basi ukifika utusalimie."

Foleni nzima ilicheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na kipande changu, kile kitambulisho, mfukoni, na nilidanganya kwamba naishi kwa tajiri mmoja niliyewahi kumlimia. Nikaandikiwa kadi: sindano kila siku miezi miwili, vidonge mwaka mzima.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Kwetu, mtu anayekula huku mwenzake anamtazama hatumhesabu kuwa mtu. Kwa hiyo kila asubuhi nilichukua wembe nikakata kidonge. Nusu yangu, nusu yake. Tulijiona watu wema sana! Kikohozi kilipungua, tukasema tumemshinda karani. Sindano zangu zilipokwisha, miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Muuguzi alikuwa ameniambia nisikatishe dawa. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza kwa nini. Nilimwachia rafiki yangu vidonge kwenye kikopo, nikaenda Chwele kuangalia mnada wa ng'ombe. Nilisema siku tatu. Nilikaa miezi minne.

Niliporudi nakohoa upya, nilimkuta kwenye mkeka. Kando yake palikuwa na mkebe wa makohozi na damu, nzi wameuzunguka. Nikabaki mlangoni.

"Ingia, bana," akasema. "Mbona unasimama kama karani?"

Nikaingia.

"Dawa iliisha. Lakini cha mwisho nilikikata. Nusu yako hiyo hapo kwenye kikopo."

Ndugu zangu, ilikuwepo. Imeshika vumbi.

Wanawake wa pale walimsukuma kwa mkokoteni hadi hospitali. Langoni wakaulizwa barua. Waligombana na mlinzi mpaka mmoja wao akageuka kumtazama mgonjwa, akaona ubishi hauna kazi tena.

Baada ya mazishi, wanaume tulikwenda kwa Mama wa Chungu kama kawaida. Ndiyo, tulikwenda kunywa. Tulimkuta amesimama mlangoni, ameshika mirija yetu yote kama mzigo wa kuni.

"Nani anakohoa hapa?"

Kila mtu alibana kifua mpaka macho yakatoka machozi.

"Haya. Sina haraka."

Wa kwanza alishindwa, akakohoa. Wa pili naye. Mimi nilikuwa wa nne. Kila aliyekohoa, mrija wake aliuchomeka juu kabisa kwenye nyasi za paa. "Huu haushuki mpaka nione kadi imejaa mwaka mzima."

"Mama, si utatuua na kiu!"

"Leo nimezika mtu. Hakufa na kiu."

Akachukua jembe, akatoboa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Mwanga uliingia, tukaonana tulivyokonda. "Askari wakitaka kuchungulia, wachungulie," akasema.

Kesho yake aliwachukua wanawake wa safu zote tatu, wakaketi kliniki tangu milango ilipofunguliwa. Karani alimuuliza anwani.

"Andika: kwa Mama wa Chungu."

"Hiyo si anwani, mama."

"Muulize askari yeyote wa mji huu. Wote wanaijua."

Safari hii foleni ilimcheka karani. Daktari akatoka kuona kelele ni za nini. Walizungumza muda mrefu, na mwisho akakubali: sindano tutafuata kliniki, majina yetu yaandikwe chini ya jina la Mama wa Chungu, na vidonge akae navyo yeye, ili ashuhudie kila mtu akimeza.

Nilipomweleza Mama habari ya wembe, alitema mate chini. "Nusu? Hamkuwa mnajitibu nyinyi. Mlikuwa mnaulisha ugonjwa kidogo kidogo."

Nilianza upya, sindano upya. Kila asubuhi kabla ya kazi tulipanga foleni mlangoni pake. "Panua. Inua ulimi." Mbele ya watu wote, kama ng'ombe! Nilichukia. Mwezi wa tano miguu ikaniwasha tena, nikamwambia nakwenda Bungoma. Nilitegemea matusi.

"Lini?"

"Kesho."

"Ngoja kesho kutwa. Vidonge vikutangulie."

Nilidhani ananicheka. Nilitoroka palepale, nikachelewa njiani kwa kibarua cha siku mbili Kamukuywa, kisha nikafika Bungoma, mji ambao hauna mtu wa kuniamrisha. Nikaingia nyumba ya busaa karibu na soko, kwa mama mmoja, Mteso mwenzetu ambaye sikuwahi kumwona, nikaomba mrija wa kuazima.

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa pete mbili?"

Akanyoosha mkono kwenye paa lake. Mrija wangu! Ulikuja na mchuuzi wa vitunguu, umefungwa kitambaa chenye vidonge. Akauchomeka tena, akabaki na kitambaa.

"Panua mdomo."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Nilimeza kwa hasira, lakini nilimeza. Na ilikuwa hivyo Kamukuywa, ilikuwa hivyo Chwele. Kila nilikotanga, wanawake wenye vyungu walikuwa na habari zangu. Hawakunizuia kutembea. Waliifanya dawa itembee.

Miaka ya tisini walikuja wageni wenye kofia zinazofanana, wakapiga picha lile dirisha, wakasema jamii imeelimishwa. Na nani? Nilitoka nje nisije nikasema neno baya.

Nawashukuru wale wanawake, kila mmoja, pamoja na daktari aliyekubali kusikiliza. Na ninalowaachia ni hili: ugali gawaneni, lakini dawa kila mtu ameze yake nzima, mwenzake akimtazama.

Kadi yangu ilipojaa nilirudi Kitale, mrija nao ulikuwa umesharudishwa paani, na Mama wa Chungu aliniambia nipande niuchukue. Nilipanda. Kando yake nikaona wa rafiki yangu, wenye mkato mmoja. Nikashuka mikono mitupu. Bado iko pale, miwili.

Sasa wewe ndugu yangu wa mlangoni. Umekohoa mara tisa tangu nianze, nimehesabu. Njoo mbele hapa. Kipande chako sikitaki, wala sitakuuliza umetoka wapi. Niambie tu kesho asubuhi utaamkia wapi, nije na maji ya kumezea.