Jibu Lililobaki Mdomoni

Nje ya kibanda cha fundi viatu kuna benchi ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, na asubuhi ile lilikuwa limebeba hasira za watu watatu. Fundi mwenyewe anaitwa Hakimu, kwa sababu hakuna kesi ya mtaani iliyompita bila kuitolea hukumu. Gazeti ni kinyozi wa mlango wa pili. Alikuwa amemwacha mteja na nusu ya kichwa akaja na chupa yake ya kahawa. Katikati yao alikaa Breki, dereva wa kigari cha mizigo ambacho tajiri wake anakiuza mwisho wa mwezi. Breki alikuwa amekwenda kusailiwa kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, na benchi zima lilikuwa limemnoa kwa usaili huo. Sasa majibu yameingia kwenye simu, na mkewe hajaambiwa.

— Hebu soma tena, alisema Hakimu.

— "Tunasikitika kukujulisha kwamba hukufanikiwa."

— Wanasikitika! Nani kati yao aliyesikitika? Saa hizi wako kazini wanakula karanga.

— Na kwa nini waseme wewe ndiye hukufanikiwa? aliuliza Gazeti. Waliotafuta dereva ni wao, wakampata, wakamwacha. Walioshindwa ni wao.

Breki aliipenda hoja hiyo. Ilimkaa vizuri kifuani kuliko kahawa.

— Miaka yote hii sijagonga hata kuku, alisema. Halafu mtu asiyejua hata kubadilisha tairi ananiambia sikufanikiwa.

— Ile nafasi ilikuwa na mwenyewe, bwana, Gazeti akasema. Mpwa wa mtu. Ninyi wengine mliitwa kujaza viti.

— Mpwa peke yake hatoshi, Hakimu akakata. Mimi nasema ni shati. Wanakuwa na mtu wao pale, kazi yake kusoma mashati. La kwako lina mistari. Mistari inaonyesha mtu mwenye msimamo, na wao hawataki mtu mwenye msimamo.

— Shati ulinichagulia wewe.

— Nilikuchagulia la heshima. Kosa ni la wasomaji.

Wakati huo mama mmoja akafika kuchukua kiatu chake, akakuta hakijaguswa. Hakimu akamwomba akae kidogo tu, akashika sindano, na mdomo ukaendelea na kazi yake.

Gazeti akainama, akashusha sauti kama mwenye siri ya serikali.

— Nisikilizeni. Kazi yenyewe haipo. Wanawaita madereva wazoefu, wanawauliza njia za mkato, wanaandika kila kitu. Mkishaondoka wanamfundisha yule mpwa. Wewe Breki walikuuliza njia?

— Waliniuliza. Mama mjamzito kashikwa na uchungu, daraja limejaa maji, utapita wapi?

— Ehe! Ukawapa?

— Sikuwapa. Nilifanya kama alivyonifundisha Hakimu. Usijibu mbio, mwenye kujibu mbio anaonekana ana njaa. Pumua, tazama dari, kohoa kidogo, ndipo ufungue mdomo.

— Busara hiyo, alisema Hakimu.

— Nikapumua, nikatazama dari, nikakohoa. Yule mwenyekiti wao akatazama saa, akasema asante, tumekuelewa, mwite mwenzako.

— Mmeona? Gazeti akapiga paja. Amewanyima njia, wao wakamnyima kazi. Hiki ni kisasi.

— Kisasi kabisa, alisema Hakimu. Mtu anaheshimu swali lako, unamtoa nje. Hawa wangemfukuza hata babu yao.

Breki naye akaona damu inamchemka. Alikuwa tayari kuinuka, aende akawaulize mlangoni kwao, wampe sababu.

— Samahani, kaka, alisema yule mama. Kwani ungepita wapi?

Breki akamgeukia.

— Daraja likijaa, dada, unaliacha kabla ya kona. Unaingia nyuma ya kiwanda cha magodoro, unanyoosha hadi shule. Lango lao la nyuma ni la kusukuma tu. Unakatiza uwanjani polepole, maana kuna bonde na mgonjwa atarushwa. Ukitokea upande wa pili, hospitali unaiona. Mke wangu nilimpitisha huko mvua inanyesha. Mtoto alizaliwa tumeshafika.

— Mbona mimi umenijibu hapo hapo?

Hakimu akashona. Akashona palipokwisha kushonwa. Gazeti akamimina kahawa, yakatoka matone na machicha, akaendelea kuinamisha chupa kama vile kuna nyingine itakuja.

Hasira ya Breki, iliyokuwa imewaelekea wale wasaili tangu asubuhi, ikamrudia mwenyewe kifuani, na uchungu wake huko ulikuwa mwingine kabisa. Alitamani kumlaumu Hakimu, lakini aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti cha usaili ni yeye. Akasimama, akatia simu mfukoni.

— Unakwenda wapi? aliuliza Gazeti.

— Nyumbani. Kumwambia mama watoto.

— Mwambie nafasi ilikuwa na mwenyewe. Ataelewa.

— Anaijua ile njia, alisema Breki. Ataniuliza kama niliwaambia.