Kwacha Hailali Kwangu

Obed alikusudia kusinzia ndani ya basi kutoka mpakani Kasumulu mpaka Tukuyu, lakini kwenye kiti cha mbele yake walikaa wanawake wawili wasiojuana na wasionyamaza. Mmoja alikuwa Mama Mwantum, anayepeleka ndizi Malawi na kurudi na gunia la karanga. Wa pili, Winfrida, alishajitambulisha kwa sauti ya kuhutubia: yuko chuo kikuu, anasomea biashara ya kimataifa na uchumi wa fedha.

“Kwa hiyo mnafundishwa nini huko?”

“Kwa nini sarafu hushuka thamani, mama.”

“Hilo mbona nalijua? Hela ya kule, kwacha, hailali kwangu. Nikilipwa asubuhi, jioni imeshakuwa karanga.”

Obed, aliyewahi kulaza kwacha chini ya godoro mwaka mzima, akajifanya anaangalia migomba.

Winfrida akacheka. “Wewe unaikimbia ikishaanza kushuka. Mimi nitaijua siku yenyewe kabla haijafika.”

“Utanipigia simu?”

“Wa kwanza wewe.”

“Na wenzangu wa ndizi?”

“Nitawapigia wote!”

“Basi wote tutaikimbia siku hiyohiyo. Nani ataipokea? Si itashuka kwa sababu ya simu yako?”

Winfrida akafungua daftari lake, akaanza kupekua kurasa.

Gari likasimama stendi ya Tukuyu. Mama Mwantum akashuka na gunia lake bila kungoja jibu. Winfrida akatoa kichwa dirishani, daftari mkononi.

“Mama, niachie namba! Jibu ninalo. Nikishamuuliza mwalimu, nitakupigia!”